Visiwa vya Lamu: Kwa Nini Kila Safari Inategemea Maji

Vijana wetu waliokulia Ulaya na Marekani wakipanga kwenda Lamu kuona asili ya wazee wao, huulizia saa za boti ya Siyu au Faza kana kwamba wanaulizia treni. Jamaa wa huko huwajibu "inategemea maji", nao hukasirika. Jibu ni sahihi kabisa, na ukilifuata litakueleza kwa nini mji huu ungali hai na ule umebaki magofu.

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku maji hujaa kwa kuchelewa dakika 50 hivi. Boti itokayo Amu, yaani mji wa Lamu, kwenda kisiwa cha Pate, iliko miji ya Siyu na Faza, hupita Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakiwa madogo nahodha husubiri, au huzungukia nje penye mawimbi. Siyu ni kazi zaidi, kwa kuwa mji uko ndani kabisa, mwisho wa mkono wa bahari uliobanwa na mikoko. Maji yakianza kutoka, injini hunyanyuliwa, kijana mmoja akasimama omoni na upondo akisukuma. Mkikawia, mtashuka na mizigo kichwani, matope hadi magotini.

Usumbufu huo ndio uliowalinda Wasiyu. Katika miaka ya 1840, chini ya Bwana Mataka, mji huu wa mafundi wa ngozi, wachonga milango na wanakili wa misahafu ulirudisha nyuma majeshi ya Sayyid Said wa Oman na Zanzibar. Mwana Kupona, mtunzi wa utendi maarufu wa 1858, alikuwa mke wa huyo Bwana Mataka.

Maji ya kunywa yana habari yake. Katika miji ya Pate na Faza watu wamezoea kuteka visimani na kuhifadhi mvua katika majabia, matangi makubwa ya kukinga maji. Manda haikubahatika. Takwa, mji wa mawe wa huko wenye ukuta na msikiti wa Ijumaa, ulihamwa katika karne ya 17. Visima kuingiwa na chumvi hutajwa miongoni mwa sababu, pamoja na ugomvi na Pate. Watu wake walivuka kwenda Shela, katika kisiwa cha Lamu, na hadi leo Washela hurudi Takwa kuomba mvua. Sijui safari nyingine ya ibada inayoeleza historia ya mahali kwa ufupi namna hiyo.

Shela walipata walichokikosa Manda. Vile vilima vya mchanga vinavyopigwa picha na watalii hunyonya mvua na kuihifadhi chini, na visima vya hapo ndivyo vinavyonywesha mji wa Amu. Anayejenga hoteli juu ya mchanga ule anajenga juu ya mtungi wa mji mzima, na mimi naona kelele za wenyeji kuhusu jambo hilo ni za haki.

Ni ufuo wa Shela hiyohiyo ulioamua mji upi uwe mkubwa. Karibu mwaka 1812, Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, walikuja kuipiga Lamu. Walishindwa, na masimulizi ya Waamu yanasema walipokimbilia vyombo vyao walikuta maji yamepwa, vyombo vimekaa mchangani. Wengi waliuawa papo hapo. Lamu, ikihofia kulipiziwa kisasi, ilimwita Sayyid Said. Ngome iliyo katikati ya mji ilikamilika karibu 1821. Biashara ikahamia Lamu, Pate ikadidimia. Mji Mkongwe unaotembelewa leo, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001, kwa sehemu kubwa ni matunda ya neema iliyofuata.

Bandari mpya ya Lamu, iliyopokea meli za kwanza Mei 2021, imewekwa upande wa bara kwa sababu mlango wake una kina cha asili: meli kubwa haingoji maji kujaa. Wavuvi wa mashua ndogo ndio walioumia, kwani uchimbaji wa sakafu ya bahari uliharibu maeneo waliyozoea kuvua. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ukifika Faza au Matondoni uliza habari ya fidia hiyo, kisha kaa barazani vizuri, maana mazungumzo yatakuwa marefu.