Jinsi Mji wa Thika Ulivyoangukia Baharini

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kuuliza si ujinga. Muhula wa pili, mwanachama mmoja wa kidato cha kwanza aliuliza chamani swali ambalo wengi wetu tulilicheka: "Kwani simu hujuaje kwamba hapa ni Ruiru na pale ni Thika?" Kicheko kilipoisha, ikabainika kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu lenyewe.

Makanga wa matatu namba 145 akiita "Ruiru!" sisi huelewa mara moja kwa kuwa mji tunaujua. Simu haiujui. Kwake, Ruiru ni herufi tano tu. Inachoelewa ni namba mbili. Ya kwanza ni latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka ikweta kwenda kaskazini au kusini. Ya pili ni longitudo, yaani umbali kwenda mashariki au magharibi kutoka ule mstari upitao Greenwich, London. Zote hupimwa kwa digrii, kama tulivyofunzwa katika Jiografia. Thika iko karibu na latitudo -1.03 na longitudo 37.07, nayo Ruiru iko karibu na -1.15 na 36.96. Alama ya kutoa inaonyesha kwamba tuko kusini mwa ikweta.

Sasa, programu ya simu yenye ramani huwa na vitu vitatu. Kwanza kuna orodha, ambayo ni kama rejista ya darasa: kila mstari una jina la mahali, latitudo na longitudo yake. Pili kuna ramani yenyewe, ile picha tunayoivuta na kuikuza kwa vidole. Tatu kuna kamba ya kufungia orodha kwenye ramani. Hapa ndipo penye kazi.

Je, kufunga ni nini? Hebu mfikirie mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Ukihamisha kigingi, mbuzi naye huhama. Vivyo hivyo, mtunzi wa programu hachori alama kwenye ramani kwa mkono. Huiambia ramani hivi: "Shika orodha hii. Kwa kila mstari simika alama moja. Latitudo utaipata hapa, longitudo pale, na jina la kuandika kando ya alama ni hili." Basi steji ikihamishwa, anarekebisha mstari mmoja tu wa orodha, na alama inahamia mahali papya. Kama angechora kwa mkono, orodha ingesema hivi na ramani ingesema vile. Msafiri angeamini ipi?

Lakini kuna sharti. Orodha inapobadilika ni lazima ipige kengele, kama ile ya hapa shuleni, ili ramani isikie na kujichora upya. Orodha ikibadilika kimyakimya, ramani hubaki na habari za jana.

Baada ya kuelewa hayo, tulijaribu kuonyesha steji za kutoka Thika hadi Ruiru kupitia Witeithie na Juja, ili wageni wa kidato cha kwanza wasipotee siku ya kufungua shule. Tukaandika orodha, tukaifunga, tukafungua ramani. Lo! Hakuna steji hata moja! Tulitafuta huku na huku mpaka tukaikuta Thika yetu ikielea katika Bahari ya Mediterania, kusini mwa Uhispania!

Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumebadilisha nafasi za zile namba mbili. Latitudo 37.07 na longitudo -1.03 ni mahali halisi duniani, ila ni majini. Kosa hili ni rahisi kufanya kwa sababu programu hazifuati desturi moja. Google Maps hutaja latitudo kwanza, ilhali mtindo wa kuandika data uitwao GeoJSON huanza na longitudo.

Kosa la pili ni kusahau alama ya kutoa. Ukiandika 1.03 badala ya -1.03, Thika inaruka ikweta na kutua Samburu, zaidi ya kilomita 200 kaskazini. La tatu ni kuacha nafasi wazi. Baadhi ya programu huihesabu nafasi hiyo kuwa sifuri, na sifuri kwa sifuri ni baharini katika Ghuba ya Guinea. La nne ni kukata tarakimu. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Kwa hiyo ukibakisha tarakimu mbili baada ya nukta, unaweza kukosea kwa nusu kilomita. Ukiandika nne, unakosea kwa mita chache tu.

Msidhani eti huu ni mchezo wa watoto. Mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Wakenya walianzisha Ushahidi, programu iliyopokea ripoti za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Mwaka 2010, baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, programu hiyo hiyo ilitumiwa kuonyesha waliohitaji msaada. Watu wa kujitolea walisoma ujumbe mfupi wa simu, wakautafsiri, wakatafuta latitudo na longitudo. Fikirieni mtu aliyenaswa chini ya kifusi halafu alama yake ianguke baharini!

Hata matatu zetu zimepitia njia hiyo. Katika mradi wa Digital Matatus, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu wakiwa na simu, wakanakili kila kituo mahali kilipo. Ramani yao ya njia zaidi ya 130 ilitoka mwaka 2014, na mwaka 2015 data hiyo ikaingizwa katika Google Maps.

Sisi nasi tulirudi kwenye orodha yetu, tukapanga namba sawasawa, na Thika ikarejea nyumbani. Hata hivyo, hatukuridhika na macho tu. Wanachama wawili walipanda matatu namba 237, wakashuka kila steji na kulinganisha alama na barabara. Steji moja ilikuwa ng'ambo ya pili ya barabara kuu. Kwa mgeni anayebeba sanduku, hilo si kosa dogo.

Basi, wenzangu, mkitengeneza ramani, msiiamini kabla ya kuitembelea. Na yule wa kidato cha kwanza aliyeuliza swali? Ndiye sasa mtunza orodha wetu.