Munganga amekuambia upunguze kilo? Usiishie njiani

Ndugu mfanyakazi wa Mokambo, na wewe mama wa nyumba: wengi huanza vizuri, kisha wanaacha. Kwa nini? Mara nyingi ni ile bukari ya sahani moja. Mkila wote pamoja, nani anajua amekula matonge mangapi? Mama, umpakulie bwana sahani yake: bukari kidogo, matembele mengi. Mafuta uyapime kwa kijiko. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori karibu 120, na mkono unaomimina chupa hauhesabu!

Halafu kuna maneno ya jirani: «Amekonda, ana SIDA.» Wacha waseme. Mtu wa kilo 100 akipunguza 5 tu, presha na sukari huweza kushuka.

Lakini angalia. Ukiwa unameza dawa ya sukari na umepunguza chakula, sukari inaweza kushuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, kizunguzungu. Mbele ya mashine, hiyo ni hatari ya kifo. Simamisha kazi, kula sukari uliyoweka mfukoni, umwite mwenzako. Usikate dawa wala kuruka chakula kwa shauri lako mwenyewe. Mwambie munganga unafanya zamu gani, hasa ile ya usiku, apange dawa na saa za kula.