Ngozi Iliyokaukiwa: Nyufa za Dashibodi katika Magari ya Zamani

Dashibodi ya gari, yaani sehemu iliyo chini ya kioo cha mbele inayobeba saa ya mwendo, redio na matundu ya kupitishia hewa, huonekana kama kipande kimoja, ilhali katika magari mengi yaliyoundwa kati ya miaka ya 1970 na 1990 ni kitu cha tabaka tatu zilizoshikamana. Chini kabisa kuna fremu ya bati au ya plastiki ngumu inayofungwa kwa bolti kwenye bodi. Juu yake kuna povu la poliuretani, ambalo ni jamaa wa sponji ya viti ingawa ni gumu zaidi. Na juu ya povu hilo imetandazwa ngozi nyembamba ya PVC, plastiki ya jamii ile ile inayotengenezewa mabomba ya maji. Ufa ambao mwenye gari huuona karibu na tundu la hewa ni wa ngozi hiyo ya juu, lakini hauwezi kueleweka, wala kutibiwa, bila kuzingatia tabaka zote tatu.

Mpangilio huo ulitokana na haja ya usalama. Dashibodi za awali zilikuwa bati tupu, na katika ajali bati hilo lilipasua vichwa vya abiria. Kampuni ya Ford iliwapa wateja wake dashibodi yenye mto kama nyongeza ya hiari katika magari ya mwaka 1956, na kuanzia Januari 1, 1968 kanuni za Marekani zikataka sehemu za ndani zinazoweza kugongwa na kichwa ziwe na uwezo wa kupunguza nguvu ya mgongano. Land Rover za mwanzo, zenye dashibodi ya bati, haziujui ugonjwa unaojadiliwa hapa, ingawa hakuna mwenye akili timamu atakayependa kuligonga bati hilo kwa paji la uso.

PVC kwa asili yake ni ngumu na huvunjika upesi. Mwaka 1926 Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich nchini Marekani, alionyesha kuwa ikichanganywa na kimiminika fulani hugeuka kuwa laini na yenye kunyumbulika kama mpira. Kimiminika cha namna hiyo huitwa kilainishi: molekuli zake hujipenyeza kati ya minyororo mirefu ya plastiki na kuifanya iteleze badala ya kushikana, na katika ngozi ya dashibodi kinaweza kufika theluthi moja ya uzito wote. Jambo la msingi ni kwamba kilainishi hakiunganishwi kikemia na plastiki, bali kimehifadhiwa tu ndani yake mithili ya maji ndani ya udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo mwaka hadi mwaka hutoka, kingine kikigeuka mvuke na kingine kikihamia kwenye povu lililo chini. Utando wa mafuta mafuta unaojitokeza upande wa ndani wa kioo cha mbele, ambao madereva hulaumu vumbi, kwa sehemu kubwa hutokana na mvuke huo ulioganda kwenye kioo. Ngozi iliyopoteza kilainishi hurudi katika asili yake: husinyaa, hukakamaa, na mwishowe hupasuka.

Wengi huitupia lawama yote mionzi ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana inayofifisha rangi za nguo. Lawama hiyo ina ukweli nusu tu, kwa sababu kioo cha mbele cha magari ya kisasa ni vioo viwili vilivyobanwa na karatasi ya plastiki katikati, na karatasi hiyo huzuia sehemu kubwa sana ya mionzi hiyo. Adui mkubwa zaidi ni joto. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanyika Tempe katika jimbo la Arizona, magari yaliyoegeshwa juani kwa saa moja siku za joto kali yalikutwa na wastani wa nyuzi 69 za Selsiasi kwenye dashibodi, ilhali hewa ya ndani ilikuwa nyuzi 47. Yaliyoegeshwa kivulini, dashibodi zake zilifika nyuzi 48. Tofauti ya nyuzi 21 kati ya jua na kivuli ni kubwa sana kwa kimiminika kinachosubiri kugeuka mvuke, na gari linaloegeshwa kutwa nzima penye jua la Mombasa au Dodoma huirudia safari hiyo ya kupanda na kushuka kwa joto kila siku ya maisha yake.

Fremu ya bati nayo huongeza mateso. Plastiki hutanuka na kusinyaa kwa joto mara kadhaa zaidi ya chuma, hivyo ngozi inayotaka kujikunja hushikiliwa na fremu isiyokubali kufuatana nayo. Zaidi ya hayo, baadhi ya kemikali za jamii ya amini zinazotumika kuumulia povu la poliuretani huishambulia PVC kutoka chini na kuharakisha kuzeeka kwake. Mvutano unaojengeka hivyo hukusanyika pale ambapo umbo linakatika ghafla, yaani kwenye pembe za matundu ya hewa, kandokando ya vipaza sauti na ukingoni mwa kibanda cha saa, na hapo ndipo nyufa huanzia, iwe ni Mercedes-Benz W123, Peugeot 504 au Land Cruiser ya mfululizo wa 60.

Kila tiba, basi, inapaswa kuulizwa swali moja: je, imezingatia kwamba ngozi iliyobaki bado inaendelea kusinyaa? Tiba ya kuziba ufa, ambayo ndiyo rahisi na maarufu kuliko zote, mara nyingi hushindwa jibu. Fundi anayeifanya vizuri hutoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili kuutawanya mvutano unaousukuma mbele, hukata kingo zilizojikunja juu, huondoa povu lililooza, hujaza nafasi kwa kijazio chenye kunyumbulika, hupiga msasa, huchapa vinyweleo vya kuigiza ngozi kisha hupaka rangi maalumu ya plastiki. Anayeifanya vibaya hutumia puti ya kunyooshea bodi, ambayo ikikauka huwa ngumu kama jiwe na huachana na kingo za ufa baada ya muda mfupi. Hata kazi nzuri, hata hivyo, imetibu mahali pa ufa, si dashibodi. Ufa mpya huzuka sentimita chache pembeni. Uzibaji unafaa pale ufa unapokuwa mmoja na mfupi, au gari linapokaribia kuuzwa, ingawa mnunuzi anayejua kupapasa kwa vidole atalitambua kovu.

Kuna kikwazo kingine ambacho wenye magari hujitengenezea wenyewe. Vimiminika vya kung'arisha dashibodi vinavyopakwa kwenye vituo vya kuosha magari mara nyingi huwa na mafuta ya silikoni, na mafuta hayo huzuia gundi na rangi kushika, hivyo ni lazima yasuguliwe kwa spiriti mara kadhaa kabla ya kazi yoyote kuanza. Kusafisha kwa petroli au mafuta ya taa ni kosa kubwa zaidi, kwani huifyonza akiba ya kilainishi iliyosalia.

Tiba ya pili ni kuivika dashibodi gamba, yaani plastiki nyembamba ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la gari husika na kubandikwa juu kwa gundi ya silikoni. Gamba huficha kila kitu na halidai kung'oa dashibodi, na kwa gari la kazi linatosha, mradi kingo zilizoinuka zikatwe kwanza ili lilale sawasawa.

Tiba ya tatu, kuvalisha ngozi au reksini mpya, huwa mikononi mwa mafundi wa kushona viti, na hapa ndipo ustadi na hatari hukutana. Ngozi ya zamani inapaswa kuondolewa au kusawazishwa kabisa, kwa kuwa kila ufa ulioachwa chini utaonekana juu kama mshipa. Gundi nayo iwe ya kuhimili joto: gundi ya kawaida ya viatu hulegea dashibodi inapofika karibu na nyuzi 70, na reksini huinuka kwanza kwenye mabonde. Kwa magari yenye mfuko wa hewa wa usalama upande wa abiria, unaojulikana zaidi kama eabegi, ubishi unapaswa kukoma hapo hapo. Mfuko huo hufumuka kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya kumi ya sekunde kupitia mstari uliodhoofishwa kwa makusudi. Ngozi mpya iliyotandazwa juu ya mstari huo inaweza kuuchelewesha au kuupotosha upande. Sehemu hiyo haifai kufunikwa na fundi asiye na utaalamu wake, hata mteja akisisitiza.

Kubadilisha dashibodi nzima huonekana kuwa suluhisho lisilo na shaka, lakini hesabu ya miaka huleta shaka. Land Cruiser ya mfululizo wa 60 ilianza kuundwa mwaka 1980, na W123 za mwisho zilitoka mwaka 1986. Dashibodi iliyotumika ya gari kama hilo ina umri ule ule wa ile inayoondolewa, na imekwisha kupoteza kilainishi kingi hata kama haijapasuka. Iliyotoka kwenye gari la nchi ya baridi ni bora kuliko iliyochomwa na jua la jangwani. Upande wa usukani nao si jambo dogo: Kenya, Tanzania na Uganda hutumia usukani wa kulia, hivyo spea zilizotoka Ujerumani au Marekani hazifai huko, huku zikiwafaa wengi wa wenye magari wa Kongo na Rwanda.

Ung'oaji wenyewe huanza kwa kufungua waya hasi wa betri na kusubiri, kwa kuwa mfumo wa eabegi hubaki na umeme kwa muda. Toyota huelekeza angalau sekunde 90. Usukani, saa, redio, vidhibiti vya kiyoyozi na mifereji ya hewa hutolewa kwa zamu, kila soketi ikitiwa alama kwa utepe na kila bolti ikiwekwa kwenye kikopo chake. Saa ya mwendo ya gari ibaki ile ya awali, kwani kufunga ile iliyokuja na dashibodi ngeni ni kuliandikia gari historia ya gari jingine. Dashibodi ikiwa nje, mafundi makini hubadilisha balbu zote za saa na kukagua rejeta ndogo ya hita, ambayo katika magari mengi hujificha nyuma ya dashibodi na ambayo ikivuja mwezi unaofuata italazimu kazi yote irudiwe tangu mwanzo.