Kuwatambua Tetere wa Mbulu na Hanang

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, wako tetere wawili wafananao hata huwatatanisha wanafunzi. Wote ni wa kijivu, na kila mmoja ana utepe mweusi nyuma ya shingo. Wa kwanza ni Streptopelia capicola, akaaye katika nchi kavu yenye miti michache. Wa pili ni Streptopelia semitorquata, apendaye miti mirefu iliyo karibu na maji.

Tuanze na mlio. Wa kwanza hutoa sauti tatu, akizirudia mfululizo tangu alfajiri; wa pili hutoa sauti sita nzito. Mwanafunzi na azihesabu kwa vidole.

Kisha jicho lithibitishe. Tetere wa sauti tatu ni mdogo, ana macho meusi, na arukapo huonyesha weupe pembeni mwa ncha ya mkia. Mwenzake wa sauti sita ni mkubwa, ana macho mekundu, na mkia wake hauna weupe huo. Asiye na utepe, mwenye madoa meusi kifuani na mlio kama kicheko, ni Spilopelia senegalensis.

Kuna faida gani? Miti ya mtoni ikikatwa, huenda mmoja akahama na mwingine akashika nafasi yake. Daftari lisemalo “tetere 10” halitaonyesha badiliko hilo. Basi wanafunzi waandike jina, mlio, mahali na saa.