Gesi ya Samadi: Hesabu Ng'ombe na Maji Kabla ya Kutoa Pesa

Mkulima, kuni zimekuwa taabu katika skimu nyingi. Miti imekwisha, na mama na watoto huzifuata mbali au huzinunua kwa pesa. Lakini ikiwa una ng'ombe zizini, huenda unao moto ambao hujauwasha bado. Mavi yao hutoa gesi ya kupikia.

Kazi hii si ngeni. Mwaka 1957 mkulima mmoja wa kahawa katika vilima vya Mua, Machakos, alijenga tangi la gesi ya namna hii. Tangu siku hizo matangi maelfu yamejengwa katika Kenya.

Sasa Serikali yataka watu watumie moto usio na moshi, usiomaliza misitu wala kuharibu hewa. Sheria ya Kawi ya 2019 yaagiza nguvu za namna hii ziendelezwe, na gesi ya samadi ni mojawapo. Mpango wa taifa wa mapishi, wa 2024 hadi 2028, wataka kila nyumba ipate moto safi ifikapo 2028.

Serikali hutumia kodi pia. Kodi ya VAT juu ya gesi ya mtungi iliondolewa 2016, ikarudishwa Julai 2021 kwa asilimia 16, ikapunguzwa hadi 8 mwaka 2022, kisha ikaondolewa tena Julai 2023. Jifunze hapa: bei ya mtungi hufuata sheria, na sheria hubadilika. Mavi ya ng'ombe wako hayatozwi kodi.

Tangi hufanya kazi hivi. Kila siku mavi mabichi huchanganywa na maji, sawa kwa sawa, yakamiminwa ndani. Humo hamna hewa, basi vijidudu huyaozesha na kutoa gesi, nayo hupita katika bomba mpaka jikoni. Ng'ombe wawili wakubwa wanaolishwa zizini hutoa kilo 20 hadi 30 za mavi kwa siku. Hizo hutosha kupika kwa muda wa saa mbili au tatu. Uji unaotoka upande wa pili ni mbolea nzuri. Mwage katika napier, mahindi au mboga.

Lakini usikimbilie mkopo. Kwanza jiulize haya:

1. Je, ng'ombe wangu hulala na kula zizini? Wakizurura malishoni mchana kutwa, mavi hupotea.

2. Je, nina maji ya kutosha hata wakati wa kiangazi? Tangi lisilolishwa halitoi gesi, lakini deni laendelea kulipwa.

3. Je, fundi ana kazi nyingine ninayoweza kuitazama? Nenda ukaulize mwenye tangi hilo kama linapika hata leo.

4. Je, nani atalilisha tangi kila asubuhi? Mkubaliane nyumbani kabla ya kuchimba shimo.

Likiisha kujengwa, chunguza bomba mara kwa mara kwa maji ya sabuni. Povu likivimba, gesi yavuja. Gesi hiyo yaweza kuwaka moto nyumbani, tena hupasha dunia joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa ya ukaa. Ikipotea, umepoteza chakula cha moto wako na kuharibu hewa.

Ukiwa na majibu mema kwa maswali yote manne, mwone Bwana Shamba wako au ofisi ya kilimo. Likikosekana jibu moja, ngoja kwanza: jenga zizi, vuna maji ya mvua, kisha utajenga tangi.