Udaktari usio wa sindano

Ukikaa Moba, pengine umekwisha kusikia mzazi akinung'unika hivi: «Huyu mtoto wangu ni mwalimu wa Kiingereza. Ana kazi, ana bibi na watoto. Sasa anataka kusoma tena udaktari. Atamaliza siku gani?»

Usimcheke mzazi huyo. Kuna udaktari wa kutibu watu, na kuna udaktari wa masomo. Huu wa pili hautoi dawa. Ni kuchukua ulizo moja na kulitafutia jibu miaka mitatu, minne, hata zaidi.

Njia yake ni ndefu. Kwa mpango mpya wa vyuo vikuu vyetu, mwanafunzi anasoma lisansi miaka 3, kisha masta miaka 2, ndipo anaingia udaktari. Huko anapewa profesa wa kumwongoza. Anasoma yale wengine waliyoandika, anaingia katika makalasi kuona na kupima, anaandika kitabu kinene kinachoitwa teze, na mwisho anakitetea mbele ya maprofesa.

Lakini ulizo litatoka wapi? Angalia mtoto wa Moba. Nyumbani anasema Kitabwa. Sokoni na kanisani, Kiswahili. Shuleni anakuta Kifaransa, na kwenye sekondari Kiingereza. Lugha nne kwa kichwa kimoja! Katika Kiswahili, herufi «a» ina sauti ile ile siku zote: baba, kaka, samaki. Katika Kiingereza, «a» ya cat si ile ya cake, wala si ile ya call. Mtoto anaona herufi anayoijua, lakini imegeuka mgeni. Je, mwalimu amsaidie namna gani, kama kalasi imejaa na kitabu ni kimoja? Ulizo hilo linatosha udaktari mzima.

Watu waliochunguza mambo hayo wameona kwamba mtoto aliyejua kusoma vizuri katika lugha anayoielewa, anabeba ufundi ule mpaka katika lugha nyingine. Sheria yetu ya elimu ya mwaka 2014 nayo inataka lugha zetu zitumike katika shule ya msingi na katika kufundisha watu wazima kusoma. Basi, usidharau Kiswahili ukisema unataka Kiingereza. Huwezi kupanda ngazi kama umekata kipago cha chini.

Hapa kwetu mfano upo. Padri Stefano Kaoze, mwana wa Marungu, hakuwa na udaktari. Lakini alipokuwa bado mseminari, mwaka 1910, maandishi yake juu ya mawazo ya Wabantu yalianza kutoka katika gazeti la Kifaransa. Alianza na watu wake mwenyewe. Mwaka 1917 akawa padri wa kwanza Mkongomani, akapewa upadri hapa Baudouinville, jina la zamani la mji wetu.

Na ninyi wa miji ya madini, mnaye Valentin Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941. Alipata udaktari Louvain mwaka 1970, akafundisha Lubumbashi, na baadaye huko Marekani akaandika vitabu kwa Kiingereza. Kimoja, cha mwaka 1988, kilichunguza namna wageni walivyoichora Afrika. Hata katika lugha ya ugenini hakuacha kuuliza juu ya kwao.

Kiingereza kina faida, ndiyo. Ng'ambo ya ziwa ni Tanzania, kusini ni Zambia, na tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini kijana, kabla ya kuanza, keti kwanza kama mjenzi wa mnara katika Luka 14, uhesabu gharama. Zungumza na bibi yako au bwana yako. Feza zitatoka wapi? Nani atabaki na watoto?

Nanyi wazazi, msiulize tu: «Atamaliza siku gani?» Mwulizeni pia: «Unatafuta jibu gani, na utaturudishia nini?» Akitafuta jina tu la kuitwa «Dokta», mwambieni apumzike. Lakini kama anatafuta namna mtoto wa kalasi ya nyuma atakavyosoma bila kuogopa, mwombeeni, na mumsaidie hata nauli ya mashua.