Kwa Nini Sikutia Saini ya Kupinga Mitambo ya Upepo

Sikutia saini, na kwa kuwa maneno yameshafika hadi kwenye kundi letu la WhatsApp, ni afadhali mnisikie mimi mwenyewe. Jirani alipita nyumba kwa nyumba na karatasi ya kupinga mitambo ya upepo na paneli za sola zinazopendekezwa nje ya kijiji chetu. Nilimkaribisha ndani, nikamsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwambia hapana. Tangu hapo salamu yake imekuwa nzito, na baadhi yenu mmeniuliza: wewe mgeni, ya nini kujitia katika ugomvi wa wenye nchi? Nalipa kodi hapa na wanangu wanasoma hapa. Ugomvi huu ni wangu pia.

Ringkøbing-Skjern, tunakoishi, ndiyo manispaa kubwa kuliko zote Denmark kwa eneo, karibu kilomita za mraba 1,470, lakini watu wake hawafiki 60,000. Magharibi ni Bahari ya Kaskazini, kisha ukanda mwembamba wa mchanga, kisha ghuba, kisha mashamba na ng'ombe. Upepo hauna likizo. Katika kijiji cha Lem, humu humu manispaani, ndiko kulikokuwa na karakana ya mhunzi iliyokuja kuizaa kampuni ya Vestas, ambayo mitambo yake 365 inazunguka leo kule kwetu Kenya, huko Marsabit, karibu na Ziwa Turkana.

Kwa nini manispaa ya wakulima na wavuvi ishughulike na mipango ya nishati? Habari inaanzia 1973. Zaidi ya asilimia 90 ya nishati ya Denmark ilikuwa mafuta ya kuagizwa, na Waarabu walipofunga mabomba, serikali ilipiga marufuku magari Jumapili. Mwaka 1979 ikapitishwa sheria iliyozipa manispaa kazi ya kupanga jinsi nyumba zitakavyopata joto, na leo karibu theluthi mbili ya nyumba hupashwa kwa maji moto yanayosambazwa kwa mabomba kutoka kituo kimoja. Mwaka 1985 bunge likaiondoa nyuklia kwenye mipango. Kwa hiyo madiwani walikuwa na mazoea ya kupanga nishati kabla tabianchi haijawa habari ya kila siku. Hapa kwetu waliweka lengo kwamba ifikapo 2020 manispaa ijitosheleze kwa nishati jadidifu. Mwaka ulifika, lengo halikutimia, kwa sababu magari na malori yalikuwa bado yanakunywa mafuta. Mwaka 2019 ukaanzishwa mpango wa DK2020, wa manispaa 20 kwanza, halafu karibu zote 98 zikaingia. Kila moja iliandika jinsi itakavyofikia kutoongeza hewa ya ukaa ifikapo 2050, na jinsi itakavyojikinga na bahari na mvua.

Sasa njooni Hvide Sande, bandari ya wavuvi kwenye ule ukanda wa mchanga. Kando ya ufuo imesimama mitambo mitatu, megawati 3 kila mmoja. Asilimia 80 ni mali ya mfuko wa wenyeji, na 20 iliyobaki ni hisa za wakazi. Mfuko huo huilipa bandari kodi ya ardhi, na ziada hurudi kuinua shughuli za mji. Wakati ule sheria ilimlazimu kila mwenye mradi wa upepo kuwauzia hisa zisizopungua asilimia 20 watu wanaoishi ndani ya kilomita 4.5. Mwaka 2020 sheria hiyo ya hisa ilifutwa, na badala yake jirani wa mitambo hupewa bonasi ya kila mwaka. Mimi naona walikosea sana. Mtu mwenye hisa huutazama mtambo kama ng'ombe wake wa maziwa. Anayepewa bonasi bado anauona ni wa watu wengine. Jirani yangu angeniletea karatasi ya kudai hisa zirudi, ningetia saini palepale mlangoni.

Lakini hakuleta hiyo. Na hapa niwaeleze mkutano wa wananchi kuhusu mradi huu, maana aliyeko nyumbani hawezi kuukisia. Ukumbi wa michezo wa shule, viti vimepangwa kwa mistari, na saa moja kamili mlango unafungwa. Kila meza ina chupa ya kahawa na keki iliyokatwa vipande sawasawa. Hakuna anayemkatiza mwenzake. Ukutani wamebandika picha za kijiji chetu ambazo mitambo imechorwa ndani yake, ili uone itakavyoonekana ukiwa dirishani kwako. Kisha yanaanza maswali, na kila swali lina namba. Mtambo lazima ukae mbali na nyumba ya mtu mara nne ya urefu wake. Ukiishi ndani ya mara sita ya urefu huo, una haki ya kumtaka mwenye mradi anunue nyumba yako. Ukiwa ndani ya mara nane, bonasi ni yako. Kelele kwenye nyumba ya shambani zisizidi desibeli 44 upepo ukiwa mita 8 kwa sekunde. Na kivuli, naam, kivuli cha mapanga yanayozunguka: mwongozo unasema kisipite juu ya nyumba yako zaidi ya saa 10 kwa mwaka. Mzee mmoja wa nyuma alisimama akauliza ni nani atakayezihesabu hizo saa. Akajibiwa kwa upole, kwa dakika nyingi, na jibu likaandikwa kwenye kumbukumbu.

Nilikuwa nimekaa pale nikiwawaza watu wa kwetu Amu, yaani Lamu. Sisi tulikaribia kuletewa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi, karibu na mji ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Nani alituhesabia kivuli? Watu walipigana kwa miaka kwa kuchangishana, wavuvi na mama zetu, mpaka Juni 2019 jopo la mahakama ya mazingira likafuta leseni, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hawa wa hapa wamepewa picha, namba, bonasi na haki ya kuuza nyumba, na bado wana hasira kana kwamba wameibiwa. Sikuweza kuweka jina langu pamoja na hasira hiyo.

Haki niiseme yote. Hjolderup, kijiji kidogo kusini mwa Jutland, kimezungukwa na paneli karibu pande zote, na mtu anayeogopa kwake kuwa hivyo simlaumu. Na mitambo yenyewe haina utakatifu: huko Marsabit, mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi zilipatikana kinyume cha utaratibu. Ndiyo maana nang'ang'ania swali la hisa.

Nyumbani kwangu suala hili la upepo limeshachukuliwa na watoto. Umeme huku una bei inayobadilika mchana na usiku, na upepo ukivuma sana bei inaanguka. Binti yangu huangalia kwenye simu kabla sijawasha mashine ya kufulia, na akisema ngoja, nangoja, hata nguo zikilala. Mdogo wake anaitambua mitambo kama watoto wa Amu wanavyozitambua mashua kwa tanga, na kila tukipita barabara kuu hunitajia ipi imesimama na upepo umetoka wapi. Juzi walimpigia bibi yao kwa video, wakamwona anapepea jiko.

"Bibi, makaa yanaharibu hewa," binti akamwambia.

"Mjukuu wangu," bibi akajibu, "niletee hiyo stima ya usiku yenye bei ya chini, nami makaa nitayaacha leo."

Binti alikaa kimya, kisha akaniuliza kwa nini upepo wa Amu haumpi bibi stima. Nilimweleza kuhusu sheria yetu ya nishati ya 2019, kwamba kila kaunti inatakiwa iwe na mpango wake. Akauliza mpango wa Lamu umeandikwa wapi, na bibi alitoa maoni gani. Tumekubaliana tutamuuliza bibi.

Kwa sasa binti ameshika mpango huu wa hapa. Mwalimu aliwaambia kwamba yeyote anaweza kutoa maoni, mradi ayapeleke ndani ya muda, na umri haujatajwa. Ameandika ukurasa mmoja kwa Kidenmaki. Anataka mitambo ijengwe, anataka hisa ziuzwe hata kwa watoto, na anataka njia ya baiskeli kwenda shuleni isifungwe wakati wa ujenzi. Mdogo wake amechora ramani ya njia hiyo. Nimemwambia aandike na jina la barabara, kwa sababu watakaoisoma wanakaa mjini na hiyo njia ya mkato hawaijui.